Marehemu Kaingia Saa Mbili na Robo

Wiki jana tulimwacha Adero Oduol mkono mdomoni, macho kwenye kioo cha kompyuta, na kitasa cha mlango nyuma yake kinazunguka. Nimepokea barua tatu za kunilaumu kwamba nilikata hadithi pabaya. Nilikata pabaya kwa makusudi. Sasa tulieni.

Kwa ninyi mliofungia maandazi gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, mambo ni haya. Kampuni ya Kenge Gold, inayotafuta dhahabu huko Gorong'a, imeibiwa ramani. Ni ile ya siri, inayoonyesha mstari wa dhahabu unapita chini ya boma la nani. Inakaa ndani ya seva, na mtunza seva ni Adero, binti wa Kijaluo wa miaka ishirini na saba kutoka upande wa Sirari. Yeye ndiye anayempa kila mfanyakazi akaunti na neno la siri, na ndiye anayempanga kila mtu kwenye kundi lake. Ukiwa kundi la Ramani, unafungua ramani. Ukiwa kundi la Walinzi, unaandika magari yaliyoingia na yaliyotoka, basi.

Jumapili picha ya ramani ilionekana kwenye simu za watu Sirari. Jumatatu asubuhi wachimbaji mia mbili walikuwa wameshapiga kambi na sururu zao kwenye boma la mjane Beatrice, kwa sababu mstari unapita pale, chini kabisa ya kaburi la mumewe. Beatrice amekaa juu ya kaburi na jembe mkononi. Meneja wa kambi, Bwana Waitara, ametangaza kwamba saa sita mchana polisi watakuja kumchukua mwizi, na kama mwizi hajapatikana watamchukua mwenye funguo zote. Yaani Adero.

Adero akaitisha orodha ya seva, ile inayoandika nani kaingia na saa ngapi. Ikamjibu bila aibu: ramani ilifunguliwa Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, na Marwa Mokami.

Marwa Mokami ndiye mume wa Beatrice. Ndiye aliyechora ramani za kampuni. Na ndiye tuliyemzika miezi minne iliyopita, alipokutwa ndani ya shimo la majaribio namba tatu, shingo imevunjika. Taarifa ya meneja ilisema aliteleza. Adero mwenyewe alikula ugali na nyama ya msiba ule.

Kitasa kikamaliza kuzunguka. Mlango ukafunguka.

Aliyeingia ni Waitara, hindi la kuchoma mkononi. Huyu bwana hula akiwa na hasira, na ukitazama tumbo lake utajua ni mtu wa hasira za muda mrefu. Nyuma yake alikuja Ryoba, mkuu wa walinzi, akasimama mlangoni na rungu lake ili Adero asitoroke.

"Sasa ni saa nne," Waitara akasema. "Umebakiza saa mbili. Jina umepata?"

"Nimepata."

"Litaje."

"Marwa."

"Marwa wako tisa kambi hii. Marwa dereva? Nilijua. Yule ana macho ya wizi."

"Si dereva, bosi. Marwa wa shimo namba tatu."

Waitara akaacha kutafuna. Akaja mwenyewe mbele ya kioo, akasoma jina, akasoma saa, akasoma jina tena. Hindi likamtoka mkononi. Mimi msimulizi nimewahi kuona watu wakiogopa, lakini sijaona mtu mwenye shahada mbili akirudi nyuma namna ile mpaka akakalia ndoo ya fagio.

"Ryoba," akasema kwa sauti nyembamba. "Tafuta mbuzi."

"Wa rangi gani, bosi?"

"Nitajuaje rangi? Mwite mkwe wangu, yeye ndiye anajua mambo hayo."

"Bosi, mbuzi hawezi kufunga akaunti," Adero akasema.

"Wewe nyamaza. Nyie Wajaluo hamjui vitu vyetu."

"Sisi pia tuna wafu, bosi. Ila wa kwetu hawatumii kompyuta."

Huyo mkwe aliyeitwa ni Mzee Nikolaus Kisyeri, umri miaka sabini na miwili, baba wa mke wa Waitara na pia afisa mahusiano wa kampuni na jamii. Kazi yake kubwa ni kukaa. Ana meza, ana kompyuta, na kompyuta ameifunika kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa anaweka kofia. Kambi nzima inajua kwamba kompyuta ile ni ya kuwekea kofia.

Alipoingia, wote wakamwamkia shikamoo. Waitara akainamisha uso, kwa maana Mkurya hamkazii macho baba mkwe wake, hata akiwa meneja, hata akiwa amekalia ndoo.

"Marahaba. Nasikia mnataka mbuzi. Marehemu kasema anataka mbuzi?"

"Marehemu kafungua ramani, Tata," Ryoba akajibu, akimwita baba kwa Kikurya.

Mzee akavuta kiti, akaketi kwa starehe zote. "Aha," akasema.

Adero hakuweza kuvumilia. "Mzee, mimi nilisema siku ile. Mnakumbuka nilisema."

Alisema kweli. Wiki ile ya mazishi alitaka kufunga akaunti ya Marwa kama inavyofanywa kila mahali: mtu akiondoka kazini, kwa miguu au kwa jeneza, akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo. Mzee Nikolaus ndiye aliyesimama kwenye kikao akakataza. Alisema jina la mtu haliondolewi kabla ukoo haujaketi na kugawana alivyoacha. Ukimfuta leo, alisema, kesho wanawe watalalamika kwamba baba yao alizikwa mara mbili. Ofisi nzima ikatikisa kichwa kukubali, pamoja na mhasibu ambaye ni Mnyakyusa. Waitara akaandika barua rasmi yenye mhuri: akaunti ya marehemu isifutwe mpaka ugawaji ufanyike.

"Ugawaji ulifanyika?" Adero akauliza.

"Wiki tatu sasa."

"Mbona sikuambiwa?"

"Wewe ni wa ukoo?"

Adero akainua macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. "Haya, mzee. Vitu vyake alipewa nani?"

"Ng'ombe, mdogo wake. Redio, mama yake. Kigoda, mtoto wa kwanza. Koti waligombania, nikasema basi nitalivaa mimi mpaka wapatane." Akajipangusa begani. Koti lilimkaa vizuri kabisa.

"Na daftari lake la kazi? Lile la jalada jekundu?"

Adero aliuliza kwa sababu alijua Marwa alikuwa na tabia mbaya moja: aliandika neno lake la siri ukurasa wa mwisho wa daftari, na juu yake akaandika SIRI kwa herufi kubwa ili asilipoteze.

"Daftari aliliomba mtu wa saro yake," Mzee akasema. "Hatukuweza kumnyima."

Wasomaji wangu wa Tarime hawahitaji kuelezwa. Ninyi wengine jueni kwamba saro ni wale waliotahiriwa msimu mmoja, na mtu na mwenzake wa saro hawanyimani kitu, iwe ng'ombe wa kukamua, iwe mahali pa kulala.

"Mtu gani huyo wa saro yake?"

Mzee akageuza kidevu kuelekea mlangoni. Ryoba, mlinzi wa mtuhumiwa, alikuwa anachunguza dari.

"Ryoba," Adero akasema.

"Dari hii ina mchwa," Ryoba akasema.

"Ryoba, umeingia kwa akaunti ya Marwa?"

"Kidogo."

Waitara akanyanyuka kwenye ndoo. Sasa mwizi wake alikuwa na mwili na rungu, hofu ikamtoka, ukali ukarudi. "Mshenzi mkubwa. Umeuza ramani?"

"Ramani ya nini, bosi? Mimi nilikuwa nacheza karata." Ryoba akamgeukia Adero kwa uchungu wa kweli. "Wewe ndiye uliyetuweka walinzi kwenye kundi lisilo na karata. Saa kumi na mbili nzima tunakaa pale getini tunaandika namba za malori. Kwa Marwa karata zipo. Nikaona nimepewa urithi, niutumie."

"Ijumaa saa mbili na robo ulikuwa wapi?"

"Paredi. Walinzi ishirini na wawili walikuwa wananiona."

"Nani mwingine analijua neno la siri la Marwa?"

"Hakuna. Watu wa saro yetu tu."

"Wangapi?"

Ryoba akahesabu kwa vidole, akavirudia. "Kumi na saba. Hapana, kumi na sita. Wangwe alihamia Musoma."

Adero akafumba macho. Mzee Nikolaus, mtu wa haki, akaona asiache hesabu ikiwa na kasoro.

"Si hao tu, binti. Siku ya kugawana kila kitu husomwa mbele ya ukoo, ili baadaye mtu asiseme kilifichwa. Daftari lilisomwa lote."

"Lote?"

"Ukurasa kwa ukurasa. Na lile neno la mwisho pia. Ni jina la fahali wake na mwaka aliomnunua. Watu walifurahi sana, yule fahali alipendwa."

"Mlikuwa wangapi?"

"Ukihesabu na wakwe, sitini."

Adero akalaza paji la uso juu ya meza. Huyu ni mtu aliyeandika bango kwa mkono wake na kulibandika kwenye mlango wa kantini: USIMTAJIE MTU NENO LAKO LA SIRI, HATA MKEO. Na hapa neno lilikuwa limesomwa mkutanoni na kupigiwa vigelegele. Watu themanini kasoro, na yeye mmoja wa kwenda rumande. Alitaka kulia, akaona akilia Waitara atafurahi, akaahirisha.

"Basi imekwisha," Waitara akasema. "Sitini ni wengi, gari la polisi halitatosha. Atakwenda mwenye funguo."

Adero akainua kichwa. Kuna neno Ryoba alipaswa kuulizwa na hakuulizwa.

"Ryoba. Ulipoingia kwa Marwa, ramani uliiona?"

"Siku ya kwanza nilijaribu, nikasema nione mwenzangu alikuwa anafanya nini. Ikakataa. Ikasema sina ruhusa. Nikarudi kwenye karata."

"Ilikataa. Una hakika?"

"Ilikataa kwa maandishi mekundu."

Rangi ikamrudia Adero usoni. Kwa mara ya kwanza tangu wiki jana alitabasamu, na tabasamu lake lilimtia Waitara wasiwasi.

"Bosi, barua yako ilisema nisimfute Marwa. Sikumfuta. Jina nililiacha pale pale, watu waliheshimu, kila mtu akaridhika. Lakini siku hiyohiyo nilimtoa kwenye kundi la Ramani. Barua yako haikusema lolote juu ya makundi."

"Sasa?"

"Sasa watu sitini wangeweza kuingia kwa jina lake kuanzia asubuhi mpaka jioni, wasione chochote isipokuwa karata. Ili ramani ifunguke, lazima mtu kwanza amrudishe Marwa kwenye kundi. Na anayeweza kumwingiza mtu kwenye kundi ni wa kundi la Wasimamizi tu."

"Na Wasimamizi ni wewe," Waitara akasema kwa furaha.

"Ni wawili, bosi."

Hapa naomba niwakumbushe jambo lililotokea sehemu ya pili, mlilocheka na kulisahau. Adero alipoyapanga makundi mara ya kwanza, alimweka Mzee Nikolaus kundi la Watumiaji wa Kawaida. Ofisi ilichafuka. Mzee wa ukoo awe wa kawaida? Akae kundi moja na mpishi? Na Adero, mtoto wa juzi, awe juu yake kwenye orodha? Waitara, ambaye anamwogopa mkwe kuliko anavyowaogopa wakubwa zake Dar es Salaam, aliandika barua nyingine yenye mhuri: Mzee awekwe kundi la juu kuliko yote. Adero alijaribu kueleza kwamba kundi si kiti cha mbele harusini, kwamba linampa mtu uwezo. Waitara alimwambia uwezo wa nini, mzee hata kuwasha hajui.

Adero akaandika maneno mawili, akabonyeza. Orodha nyingine, ya makundi na kompyuta zilizotumika, ikaja. Akaisoma kwa sauti.

"Ijumaa, saa mbili na dakika kumi. Marwa Mokami ameingizwa kundi la Ramani. Aliyemwingiza: Nikolaus Kisyeri. Kompyuta: ya Mahusiano ya Jamii. Dakika tano baadaye, kwa kompyuta hiyohiyo, Marwa akafungua ramani."

Waitara akapasuka kwa kicheko. Alicheka akijipiga mapaja, Ryoba naye akacheka ili asionekane hajaelewa.

"Mkwe wangu! Rimoti ya televisheni tu anaishika kichwa chini miguu juu!"

Mzee Nikolaus hakucheka. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Ni mimi," akasema.

Kicheko kikafa. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wa Waitara ulianza kuvimba pale pale.

"Miezi saba Marwa alinifundisha," Mzee akaendelea. "Kila siku baada ya chakula cha mchana, ninyi mkiwa mnasinzia. Alisema, Tata, wamekupa ufunguo wa nyumba nzima wakidhani wamekupa kofia. Nikajifunza. Alipokufa nikafunika kitambaa, moyo haukutaka tena. Halafu nikasikia Jumamosi watu wa Gorong'a wanaitwa kuweka dole gumba kwenye karatasi za kuhama, na hawaonyeshwi mstari unapita wapi. Nikafunua kitambaa. Nikachapa ramani moja, nikaipeleka mkutanoni, ili mtu aone kabla hajaweka dole."

"Na simu za watu zikaipiga picha," Adero akasema taratibu.

"Zikaipiga picha. Hilo sikuliwaza. Nilitaka kumlinda Beatrice, nimemletea sururu mia mbili mlangoni. Hilo linaniuma, binti, na sitaficha."

"Lakini wewe uko Wasimamizi. Ungeweza kujiingiza mwenyewe kwenye kundi la Ramani. Kwa nini Marwa?"

Mzee akamtazama kama anamshangaa kwa kutokuona. "Mtu aliyekufa hafukuzwi kazi," akasema. "Wala hafungwi. Sikutaka aliye hai aumie kwa kosa langu. Sikujua kama watakugeukia wewe. Kwa hiyo andika jina langu, tumalize."

Saa tano na nusu. Adero alikuwa ameokoka. Jina lilikuwepo, limekiri mbele ya mashahidi wawili. Alisogeza kibodi aandike taarifa, na vidole vikagoma. Alimwona mzee huyu na kofia yake rumande, akilala sakafuni na miaka yake sabini na miwili. Akajichukia kwa kufurahi.

Hakupata nafasi ya kuchagua, kwa sababu Waitara aliushika mkono wake.

"Huandiki jina hilo."

"Bosi, amekiri."

"Nikimpeleka baba wa mke wangu polisi, nitalala wapi? Nitakula wapi? Na kule makao makuu watauliza nani alimweka mzee kundi la juu, wataona mhuri wangu." Alikuwa anatoka jasho. "Futa hiyo orodha. Taarifa itasema Marwa alifungua, kundini hajaguswa na mtu, na mwenye seva ameshindwa kueleza."

"Mwenye seva ni mimi."

"Utapata wakili mzuri."

"Sifuti."

"Basi atafuta mwingine mwenye uwezo." Waitara akageuka, akainamisha macho chini, sauti ikawa ya mkwe mwema. "Baba, naomba unisaidie. Keti pale ufute. Ni kwa ajili ya binti yako."

Mzee akanyanyuka. Akavaa miwani. Adero akampisha kiti bila tumaini, kwa maana damu ni nzito kuliko maji, na yeye kwenye chumba kile hakuwa damu ya mtu.

Vidole vya Mzee vilikwenda haraka kuliko Adero alivyotegemea. Akaingia kwa jina lake. Akafungua kundi la Wasimamizi. Majina mawili yakatokea. Akachagua la Adero Oduol, akalitoa.

"Mzee," Adero akasema.

"Asante, baba," Waitara akasema.

Mzee akachagua jina la pili. Nikolaus Kisyeri. Akalitoa nalo. Kundi la Wasimamizi likabaki tupu.

"Sasa," akasema, akivua miwani, "hakuna mtu anayeweza kufuta chochote humu. Mimi siwezi, na huyu binti hawezi, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba yeye ndiye aliyeichezea. Orodha itakaa kama ilivyo mpaka polisi waisome. Marwa alinionya: siku wakubwa wakitaka kuficha, mzee, toa funguo zote mlangoni."

Adero alimwangalia, akataka kumkumbatia, akakumbuka kwamba mzee wa Kikurya hakumbatiwi hovyo. Akainama tu akasema asante, machozi yakamtoka bila ruhusa ya msimamizi yeyote.

Sasa angalieni Waitara. Mtu aliyebanwa hivyo angekaa chini. Yeye alitabasamu.

"Mmesahau bahasha," akasema.

Uso wa Adero ukabadilika. Kwenye kila seva kuna akaunti kuu, mama wa akaunti zote, isiyotolewa kwenye kundi lolote. Neno lake la siri lilikuwa na herufi ishirini na nne za ovyo ambazo hata Adero hakuzishika kichwani. Siku chache kabla Marwa hajafa alizichapa kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, akampa Marwa aipige lakiri na kuipeleka ofisini kwa meneja ifungiwe kwenye sefu. Tangu hapo haikufunguliwa.

Waitara alitoka mbio, kadiri mtu wa hindi anavyoweza kukimbia. Tukasikia sefu ya chumba cha pili ikilia. Akarudi na bahasha, lakiri nyekundu haijaguswa. Nje, mbele ya geti, gari likapiga honi.

"Ryoba, mkalishe huyu binti mbele ya kompyuta. Nitamsomea herufi, yeye aandike. Akikataa mguse kidogo na hilo rungu."

Ryoba akamsogelea Adero. Waitara akapasua bahasha, akatoa karatasi, akaikunjua.

Hakusoma herufi yoyote.

Alisimama pale, midomo inacheza bila sauti. Karatasi haikuwa imechapwa kwa mashine. Ilikuwa na mistari, imechanwa kwenye daftari, na imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Polepole Waitara akaanza kuikunja. Akaikunja mara mbili, akaikunja mara nne, halafu, wasomaji wangu, naapa, akafungua mdomo akaielekeza ndani.

Ryoba alikuwa amemfikia kabla haijapita meno. Hakutumia rungu, alitumia vidole viwili. Akaikunjua ile karatasi, akaitazama, na uso wake mpana ukawa mtupu kabisa.

"Huu mwandiko naujua," akasema. "Daftari lake ninalo nyumbani."

"Nipe. Ni amri. Wewe ni mlinzi wangu."

"Ni kweli, bosi. Lakini huyu alikuwa wa saro yangu."

Na Ryoba, ambaye hakumaliza darasa la saba na ambaye husoma kwa kidole, akaanza kusoma kwa sauti, neno moja baada ya jingine.

"Bwana Waitara. Ufunguo unaoutafuta haumo humu. Nimeutoa, nimeuficha. Leo umeniambia nisogeze mstari wa dhahabu, utoke kwenye boma lako, uingie kwenye boma langu, ili mimi na mke wangu tuhamishwe, na wewe ubaki uchimbe kwako taratibu. Nimekataa."

Mzee Nikolaus akashika ukingo wa meza. Adero akaelewa kwamba mstari ulisogezwa na mwingine baada ya Marwa kuzikwa, akafikiria wachimbaji mia mbili, na Beatrice na jembe lake, wote wanapigania ardhi isiyo na hata punje.

Viatu vya polisi vilisikika kwenye korido. Waitara alitazama dirisha, akaona nondo.

"Umecheka," Ryoba akaendelea kusoma. "Halafu umeniuliza kama najua shimo namba tatu lina urefu gani."

Mlango ukafunguliwa. Askari mmoja mrefu akaingia, daftari mkononi, akawapitia kwa macho.

"Habari za mchana. Nani kati yenu ni Adero Oduol?"

Adero akafungua mdomo ajibu. Ryoba akainua mkono kumzuia, macho hayajatoka kwenye karatasi.

"Afande, vuta kiti kwanza ukae," akasema. "Marehemu hajamaliza."